Watoto wetu wanaulizwa maswali: majibu yanakwenda wapi?

Asanteni kwa barua zenu za mwezi uliopita. Tumezisoma zote, na karibu nusu yake zinauliza jambo moja. Watu wanakuja kambini na karatasi, siku hizi wanakuja na simu kubwa, wanamuuliza mtoto maswali: umeamka saa ngapi, umekula nini, mwalimu alikuwepo jana, unaelewa Kiingereza? Mtoto anajibu, wao wanaandika, wanaaga, basi. Hatuwaoni tena. Mama mmoja ametuandikia hivi: tumechoka kuulizwa, sasa faida yetu ni nini?

Swali hilo ni la haki. Tukaona tusilijibu kwa kubahatisha. Wawili kati yetu tulipanda basi mpaka Nyabugogo, tukaenda maktaba ya umma ya Kigali pale Kacyiru, ile iliyofunguliwa mwaka 2012, tukakaa siku mbili tukisoma. Tulitaka kujua utafiti kuhusu maisha ya wanafunzi unafika wapi, na kama wakubwa wa shule na wa wizara wanausikiliza wanapokata mashauri. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwa nini mtoto wako anasoma shule ya Rwanda

Wengi tunafikiri mambo ya shule yanaamuliwa tu na mkurugenzi wa shule, tena siku ileile. Kumbe mengine yameamuliwa mbali sana. Mwaka 2011 mtafiti mmoja, Sarah Dryden-Peterson, aliandika ripoti kwa ajili ya UNHCR kuhusu elimu ya wakimbizi dunia nzima. Alionyesha kwamba watoto wengi wanasoma vibaya, na kwamba shule za pembeni za wakimbizi mara nyingi hazimfikishi mtoto popote, maana cheti chake hakitambuliwi. Mwaka uliofuata, 2012, UNHCR ilitoa mpango mpya wa elimu wa miaka mitano. Mpango ule ulisisitiza kwamba watoto wakimbizi wasome katika shule za nchi iliyowapokea, kwa mtaala wa nchi hiyo, wafanye mitihani ileile.

Hapa Rwanda ndivyo inavyofanyika. Ndugu zetu wa Burundi walipofika Mahama mwaka 2015, watoto walipewa kwanza masomo ya maandalizi ya miezi kadhaa, halafu wakaingia shule za Rwanda. Watoto wa Kiziba, Nyabiheke, Kigeme na Mugombwa nao wanakaa dawati moja na watoto wa wenyeji. Hilo ni jema, cheti kinatambulika. Lakini lina gharama yake, na gharama ya kwanza ni lugha.

Lugha: uamuzi mmoja, watoto wengi

Mmoja wetu, tulipofika Rwanda, alikuwa amemaliza darasa la tano Kongo, kwa Kifaransa na Kiswahili. Shule iliyompokea ilimrudisha darasa la tatu. Hesabu alikuwa anazijua zote. Aliyoshindwa ni kusoma swali lenyewe. Alikaa nyuma na watoto wadogo, magoti yakigonga meza, na mwaka ule karibu aache masomo kabisa. Tunalisema hili bila kumlaumu mtu, maana kila familia hapa ina hadithi ya namna hiyo.

Tukifuatilia uamuzi wenyewe, tunaona umebadilika mara nyingi. Mwaka 2008 serikali iliamua shule ziache Kifaransa, zifundishe kwa Kiingereza. Mwaka 2011 madarasa matatu ya kwanza yakarudishiwa Kinyarwanda, ili mtoto ajifunze kusoma kwa lugha ya nyumbani. Mwezi wa Desemba 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kianze tangu darasa la kwanza. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017, lakini si lugha ya kufundishia. Walimu wenyewe walihangaika, maana wengi walikuwa wamesomea Kifaransa.

Sasa angalieni. Mkurugenzi wa shule hawezi kubadilisha lugha ya kufundishia. Lakini anaweza kuamua mtoto mgeni apimwe vipi. Akimpima hesabu kwa Kiingereza tu, atapima Kiingereza chake. Akimpa mtu wa kumtafsiria, atapima hesabu. Uamuzi huo mdogo unafanyika katika ofisi ya shule, si wizarani, na unaweza kumwokolea mtoto miaka miwili.

Shule ya bure ambayo si bure

Serikali iliondoa minervali ya shule ya msingi mwaka 2003. Wengi tulifurahi, halafu tukakuta kuna michango. Watafiti watatu, Timothy Williams, Pamela Abbott na Alfred Mupenzi, walikaa na wanafunzi na wazazi wa shule moja ya msingi, wakawasikiliza. Makala yao ilitoka mwaka 2015, na kichwa chake kinasema wazi kwamba elimu katika shule yetu si bure. Waliona gharama zilizojificha, pamoja na masomo ya ziada ya kulipia. Wakasema gharama hizo zinaweza kushusha ubora wa masomo anayopata mtoto maskini, hata zikamfanya aache shule.

Jambo hilo wazazi tulilijua zamani, si ndiyo? Lakini lilikuwa maneno ya kisimani. Likiandikwa, mkubwa anaweza kulisoma. Mwaka 2022 wizara ya elimu ilitangaza viwango vya michango kwa nchi nzima: chekechea na msingi, mzazi achangie faranga 975 kwa muhula kwa ajili ya chakula, sekondari ya kutwa faranga 19,500, sekondari ya bweni faranga 85,000. Hatusemi kwamba makala moja ndiyo ilileta tangazo lile. Mambo ya serikali yana sababu nyingi. Tunasema tu kwamba malalamiko yaliyoandikwa vizuri yanaishi muda mrefu kuliko malalamiko ya mdomoni.

Mwalimu yupo au hayupo?

Utafiti mwingine uliotushangaza ulifanyika mwaka 2016 na 2017 katika shule za msingi za wilaya 6 za Rwanda. Walimu wengine walipewa nyongeza sawa, faranga 20,000 kila mmoja kwa mwaka. Wengine waliambiwa kwamba 20 bora kati ya kila 100 watapata faranga 100,000. Ubora ulipimwa kwa mambo manne: kuwepo shuleni, kuandaa somo, kufundisha darasani, na wanafunzi kujifunza.

Kulikuwa na hofu kwamba zawadi italeta walimu wapenda pesa wasiojua kazi, au itafukuza wazuri. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2021, hayakuonyesha hivyo. Walimu wa kushindania zawadi walikuwepo shuleni zaidi na walifundisha vizuri zaidi, na mwaka wa pili wanafunzi wao walijifunza zaidi. Walioacha kazi hawakuongezeka. Mwezi wa Agosti 2022 serikali iliongeza mshahara wa walimu wote, asilimia 88 kwa msingi na 40 kwa sekondari. Huo ulikuwa uamuzi mwingine, wa nyongeza kwa wote.

Kwetu wazazi, funzo ni hili: kuwepo kwa mwalimu ni jambo linalohesabika. Na anayeweza kulihesabu ni mtoto wako, maana yeye yupo darasani kila siku. Mtaalamu Kenneth Leithwood na wenzake waliandika mwaka 2004 kwamba ndani ya shule, uongozi ni wa pili tu baada ya kufundisha kwenyewe kwa yale yanayomsaidia mwanafunzi kujifunza. Mkurugenzi mzuri ni yule anayejua ni darasa gani halina mwalimu leo, na anafanya kitu.

Chuo: mlango ulikuwa mdogo sana

Vijana wetu waliuliza pia kuhusu vyuo. Hapa hesabu inaonyesha njia. Mwaka 2019 UNHCR ilisema vijana wakimbizi 3 tu kati ya 100 wanafika elimu ya juu. Katika ripoti yake ya 2023 wamekuwa 7. Lengo ni wafike 15 mwaka 2030. Bado ni kidogo, lakini mlango unafunguka.

Hapa kwetu, Kepler ilianza Kigali mwaka 2013, na mwaka 2015 ikafungua masomo yake kambini Kiziba, vijana wakasomea shahada ya chuo cha Marekani, Southern New Hampshire. Fikirini uamuzi ule. Wangeweza kusema anayetaka aje Kigali. Lakini kijana wa kambini hana nauli, hana pa kulala mjini, na wengine wana wadogo wa kulea. Waliopeleka darasa Kiziba walianzia kwenye maisha ya mwanafunzi. Kuna pia msaada wa masomo wa DAFI, ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani. Vijana, ulizeni tarehe za maombi mapema katika ofisi ya elimu ya kambi, msingoje kusikia mtaani.

Kosa letu wenyewe

Jamani, tuseme ukweli. Mara nyingine ni sisi tunaoharibu. Miaka iliyopita mtafiti alitukalisha chini ya mti karibu na shule fulani. Mkubwa wa shule alikuwa amesimama hatua chache tu. Tuliulizwa kama watoto wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya michango. Tukaangaliana. Tukasema hapana, kila kitu kiko sawa. Wiki ileile watoto wanne wa mtaa wetu walikuwa nyumbani. Kwa hiyo ripoti ile, kokote iliko, inasema kila kitu kiko sawa, na maneno ni yetu.

Wengine tunafanya kinyume. Tunaongeza chumvi tukitumaini msaada: mtoto hajala siku tatu, mwalimu hajaonekana mwaka mzima. Mtafiti anayejua kazi yake ataona, na hata yale ya kweli hatayaamini. Uwongo wa woga na uwongo wa tamaa, vyote viwili vinamnyima mtoto sauti.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, mtafiti akija, muulize bila kuogopa: wewe ni nani, nani amekupa ruhusa, majibu yatakwenda wapi, na utaturudishia matokeo lini? Mtu wa kweli ana barua ya ruhusa na atakuonyesha. Unayo haki ya kukataa, na mtoto wako pia anayo. Kukataa hakupunguzi posho yako ya chakula wala nafasi ya mtoto shuleni. Omba mazungumzo yafanyike mahali ambapo mwalimu au mkubwa wa shule hasikii. Na jina la mtoto lisiandikwe kwenye ripoti.

Pili, hudhurieni mkutano wa wazazi. Shule ina kamati yenye wazazi, walimu na wawakilishi wa wanafunzi. Viti hivyo si vya wenyeji peke yao. Ukiogopa Kinyarwanda chako, nenda na jirani anayekijua. Tumeona mara nyingi wakimbizi wanakaa nyuma kabisa, wanapiga makofi, wanarudi kambini kulalamika.

Tatu, anza daftari. La kurasa chache linatosha. Andika tarehe mtoto aliporudishwa nyumbani na sababu aliyoambiwa. Andika siku ambazo mwalimu hakuwepo. Andika alichochangishwa. Baada ya muhula mmoja, wazazi kumi wakiweka madaftari yao pamoja, huo tayari ni utafiti. Mpelekeeni mkurugenzi kwa heshima, ninyi wenyewe, kabla ya kwenda juu. Wakurugenzi wengi nao wamebanwa, na karatasi yenye tarehe inawasaidia kuomba mwalimu wa ziada. Asipojibu, kuna afisa elimu wa sekta.

Nne, na hili ni la jioni ya leo: muulize mtoto wako maswali yaleyale anayoulizwa na mtafiti. Umeelewa nini leo? Nani alikufundisha? Ulikaa wapi? Kuna mtu alikucheka? Tuliporudi kutoka Kigali, mmoja wetu alijaribu nyumbani kwake. Binti yake wa darasa la nne alimwambia kwamba tangu muhula uanze haoni ubao vizuri, na kwamba hakusema kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Siku ya pili baba alikwenda shuleni, binti akasogezwa mbele. Sasa wanangoja zamu ya kupimwa macho kliniki.

Mama uliyetuandikia, umeuliza faida ni nini. Faida ipo, lakini inakuja polepole, na inategemea kama tulisema kweli. Tuandikieni yaliyomo katika madaftari yenu. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaeleza namna ya kuomba nakala ya buletini iliyopotea. Mbaki na amani.