Kompyuta inaposema hakuna cha kusasisha



Kabla ya kuhamishia orodha ya wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa kwenye kompyuta ya ofisi hapa Sumbawanga, tuliikagua kwanza. Humo yangeingia majina ya wajane na akiba zao. Mashine inatumia Ubuntu 18.04. Tuliiagiza isasishe programu, ikajibu hakuna jipya. Tukafurahi. Kumbe toleo hilo la mwaka 2018 liliacha kupata marekebisho ya kawaida mwaka 2023, baada ya miaka 5. Mashine ilinyamaza kwa sababu hakukuwa na kinacholetwa, si kwa sababu ni nzima.

Marekebisho hayo si mapambo. Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano, iliyomwezesha mtu wa mbali kusoma hata nywila. Dawa yake ilikuja kama kifurushi cha kawaida (si kifurushi cha simu!).

Wengi wetu huandika "apt-get update" tukadhani kazi imeisha. Amri hiyo huleta orodha tu, kama kwenda sokoni kuuliza bei ya maharage ukarudi na kikapu kitupu. Kinachoweka vifurushi vyenyewe ni "apt-get dist-upgrade". Soma kwanza vitakavyoondolewa, ndipo ukubali.

Kuhama toleo zima hakurukwi. Tulinakili kumbukumbu zote kwenye flashi, tukatoka 18.04 kwenda 20.04. Hilo nalo lilifikia mwisho Mei 2025, hivyo tukaendelea hadi 22.04, lenye marekebisho hadi mwaka 2027. Katikati umeme ulikatika, na betri ya kompyuta ile ilishakufa zamani. Uliporudi tuliandika "dpkg --configure -a", ikamalizia vifurushi vilivyoachwa nusu. Tangu hapo hatuanzi bila kuazima kompyuta yenye betri nzima au jenereta.

Kuhusu gharama ya bando: "apt-get" huhifadhi ilivyopakua katika /var/cache/apt/archives, wakati "apt" peke yake huvifuta baada ya kuviweka. Vinakili kwenye flashi, uviweke katika folda hiyo hiyo ya kompyuta nyingine yenye toleo na aina ile ile. Hiyo ya pili itapakua orodha tu na vichache vinavyopungua.

Walio Laela, Matai na Namanyere, mkija mjini njooni na flashi tupu yenye nafasi ya kutosha, na mtueleze toleo lenu. Amri "lsb_release -a" italionyesha.