Nyumba Inayopumua: Soma Kabla ya Kutuma Pesa za Saruji

Wazazi wengi wa shule yetu wana kiwanja nyumbani. Kuna aliyechimba msingi, kuna aliyefika kwenye linta, na kuna anayetuma pesa za nondo kila mwezi kisha akapokea picha kwenye simu. Nanyi watoto mmeshazoea kuonyeshwa picha hizo: "Tazama, hapa ndipo patakapokuwa chumba chako." Makala haya ni yenu nyote. Watoto mtajua nyumba za pwani zilijengwaje, na wazazi mtapata la kumwuliza fundi kabla pesa hazijaondoka.

Huku ughaibuni mnasikia sana habari za maendeleo endelevu. Katika ujenzi, maneno hayo yana maana nyepesi kuliko yanavyosikika. Nyumba imekula nini ilipojengwa? Itakula umeme kiasi gani kila siku? Na ikiharibika, fundi wa mtaani ataweza kuitengeneza? Mababu zetu hawakuwa na jina hilo, lakini maswali hayo walikuwa nayo, maana hawakuwa na feni wala lori la kokoto.

Tuanze na ukuta. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na katika mji wa Lamu, nyumba za zamani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe: miamba iliyokuwa chini ya bahari zamani za kale, ambayo leo iko nchi kavu na huchimbwa ardhini. Mawe yalipangwa kwa udongo na chokaa, unene wa ukuta ukafika karibu nusu mita, kisha ukapigwa lipu ya chokaa. Ukuta mnene namna hiyo huchelewa kupata joto. Jua linapiga nje tangu asubuhi, na ndani bado pana ubaridi.

Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Magogo hupangwa kwa duara, mawe huwekwa juu, moto ukatiwa. Tanuri hilo pwani huitwa tanuu. Joto likifika karibu nyuzi 900, jiwe huitoa hewa ya ukaa iliyokuwa ndani yake na kubaki chokaa kali. Ikimwagiwa maji huchemka yenyewe bila moto. (Watoto, hili msijaribu kamwe; huunguza ngozi na macho.) Baadaye, ikishapakwa ukutani, chokaa huivuta tena hewa ya ukaa kutoka angani, polepole, na kurudi kuwa jiwe. Jiwe limekwenda safari na kurudi nyumbani. Moshi wa kuni, kwa bahati mbaya, haurudi.

Saruji nayo huchomwa kwa joto la karibu nyuzi 1,450, na haiivuti hewa ya ukaa kwa kiasi kama hicho. Viwanda vya saruji vya dunia nzima hutoa karibu asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu. Hiyo ni sababu moja ya kuitumia kwa hesabu. Sababu ya pili iko karibu zaidi nasi, na mnaweza kuiona jikoni.

Chukua sponji mbili za kuoshea vyombo, zilowanishe sawasawa. Moja iache wazi kwenye sahani. Nyingine izungushie plastiki ile ya kufunikia chakula, ukiacha upande wa chini tu. Zitazame kesho yake. Iliyo wazi imekauka au inakaribia. Iliyofungwa bado imelowa, na ukiiacha siku kadhaa itanuka.

Ukuta wa matumbawe ni sponji hiyo. Hunywa maji ya mvua, na hunywa unyevu wa ardhini pamoja na chumvi yake. Lipu ya chokaa ina vitundu vidogo mno, kwa hiyo unyevu hutoka, ukuta ukakauka. Ndiyo maana mafundi husema ukuta unapumua. Ukiupiga lipu ya saruji, umeuvisha plastiki. Unyevu unabaki ndani, udongo kati ya mawe unalegea, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu mpaka inaibandua, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vinaoza. Kwa nje nyumba inang'aa. Mwenye nyumba anamlaumu fundi wa rangi.

Nalisema hili kwa sababu wengi wetu tumerithi nyumba za namna hii, au fungu la nyumba pamoja na ndugu kumi na wawili. Simu inapokuja kwamba ukuta wa shangazi unabanduka, jambo jepesi ni kutuma pesa za mifuko ya saruji. Mwulize kwanza fundi: ukuta ni wa nini? Kama ni wa mawe na chokaa, utengenezwe kwa chokaa. Na kabla ya kuongeza ghorofa ya zege juu yake, fikiria uzito ambao ukuta ule haukuumbwa kuubeba.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 ufukweni Zanzibar, iliporomoka wakati jumba likiwa katika matengenezo. Watu wawili walifariki. Sisemi kwamba saruji ndiyo iliyoliangusha. Jumba kubwa la umri ule huwa na maradhi mengi. Lakini nyumba ya mawe haiponi kwa tengenezo moja kubwa kila baada ya miaka arobaini. Hutaka mkono kila mwaka: paa lisivuje, mferiji usizibe, chokaa ipakwe upya.

Sasa tazama juu. Dari za zamani zimebebwa na boriti za mikoko, ile miti inayoota kwenye matope ya bahari. Boriti nzuri hufika karibu mita 2.5 hadi 3, na kwa hiyo vyumba vya Lamu na Zanzibar ni virefu na vyembamba: mti ndio uliopima chumba. Miti hii ilipakiwa majahazini ikavuka bahari pamoja na upepo wa kusi, na hata leo ukiingia nyumba kongwe ya Oman, Bahrain au Kuwait, ukainua macho, kuna uwezekano mkubwa unaangalia mikoko ya kwetu. Wenzetu wa shule za Ghuba wanaweza kwenda kuitazama.

Hapa lazima tuwe wakweli. Si kila kitu cha mababu kinafaa kurudiwa kama kilivyo. Tanuu hula kuni nyingi, na mikoko ilikatwa sana. Mikoko hulinda ufuko usiliwe na mawimbi, samaki wadogo na kamba hukulia kwenye mizizi yake, na matope yake huhifadhi kaboni nyingi mno. Huko Gazi, Kwale, wanakijiji wana mradi uitwao Mikoko Pamoja ambao tangu mwaka 2013 hupata fedha kwa kuitunza miti badala ya kuikata. Kwa hiyo mtu akikuambia nyumba yake mpya ni rafiki wa mazingira kwa kuwa ameijaza boriti za mikoko, mwulize miti ilitoka wapi na nani aliruhusu. Matumbawe hai ya baharini ndiyo kabisa yasiguswe.

Basi tujenge vipi nyumba mpya? Nadhani tuchukue akili ya mababu, si lazima vifaa vyao. Na akili yao kubwa ilikuwa kujua upepo na jua.

Pwani yetu iko karibu na ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, na paa ndilo linalolibeba. Asubuhi na alasiri jua liko chini, linaingia moja kwa moja kwenye madirisha ya mashariki na magharibi. Upepo nao una majira: kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi kutoka upande wa kaskazini mashariki, na kusi hushika kuanzia Aprili ikitokea kusini. Ukiyaweka mawili haya pamoja unapata jibu zuri la ajabu: elekeza pande ndefu za nyumba kaskazini na kusini, ufungue madirisha pande zote mbili, yakabiliane. Upepo utapita ndani katika majira yote mawili, na jua kali litakutana na kuta fupi. Haikugharimu hata shilingi. Unageuza ramani tu kabla msingi haujachimbwa. Bila shaka kiwanja chembamba au barabara huweza kukulazimisha vingine, lakini walau uwe umeuliza.

Ramani nyingi tunazozipenda hutoka kwenye picha za nyumba za huku. Hapa Uingereza dirisha kubwa la kioo ni neema, maana jua ni adimu na kila mtu analitafuta. Dirisha lile lile likitazama magharibi pale Bagamoyo linageuza sebule kuwa jiko, na utalipia kiyoyozi mpaka wajukuu. Badala yake ongeza upenu mpana, baraza mbele, na ua nyuma wenye mti. Baraza si urembo: huzuia jua lisiguse ukuta, na bado mgeni anapata pa kukaa.

Kuhusu paa, makuti ni baridi kuliko yote, ila hushika moto na hutaka kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Wengi wataweka mabati. Chagueni ya rangi nyeupe au nyepesi, muweke dari chini yake, na muache matundu ya kutolea hewa moto kati ya dari na bati. Kisha wekeni mferiji na tangi. Ni masikitiko kununua maji ya boza Juni wakati mvua yote ya masika imepita juu ya paa lako ikaenda kwa jirani.

Kwa wazazi wa bara, Kigoma, Bujumbura au Bukavu, swali lenu ni tofali. Tofali la kuchoma hula miti ya kijiji. Siku hizi yapo matofali ya kufungamana, ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine, yasiyochomwa kabisa. Hupangwa yakashikana kama vipande vya mchezo wa watoto, na hutaka udongo wa kujengea kidogo sana. Tanzania, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi uliyahimiza. Udongo upimwe kwanza, maana si kila udongo unafaa.

Saruji itabaki na kazi yake: msingi, linta, tangi. Hakikisheni tu mchanga wake si wa baharini, kwa sababu chumvi huila nondo kimyakimya.

Kazi ya Jumamosi ijayo. Watoto, mpigieni simu bibi, babu au mtu mzima yeyote aliyekulia nyumbani, mumwulize maana ya fito, pau, boriti, nguzo, daka na sakafu. Mwulizeni pia kama aliwahi kuona sakafu ya chokaa ikipigwa kwa vigongo huku watu wakiimba. Andikeni atakalosema kwa maneno yake mwenyewe, hata kama hamkulielewa lote, mje nalo darasani. Wazazi, ninyi njooni na ramani. Tutahitaji dira moja. Ya kwenye simu inatosha.