Sauti ya Redioni Haisafishi Kiwanja

Swali hili nimeulizwa mno hapa Kamembe, wilayani Rusizi, Rwanda, sasa nalijibu kwa maandishi: "Nimetangaza redioni miaka 20, Cyangugu nzima inanijua kwa sauti. Nikiingia kwenye viwanja na nyumba, si nitauza haraka kuliko makomisioneri hawa wa mtaani?" Anayeuliza huwa amevuka miaka 45, mshahara umegoma kupanda, na kila akitoka studio anaona ghorofa jipya. Kubadili kazi katika umri huo ni jambo la heshima. Ila hiyo hesabu ya sauti naomba tuiache leo.

Sauti inaleta mteja, sikatai. Tatizo ni kwamba inamleta akiwa ameshaamini. Haombi UPI, yaani namba ya usajili ya kiwanja, haendi ofisi ya ardhi ya sekta, haulizi mke wa muuzaji yuko wapi. Ameambiwa na mtu anayemsikia kila asubuhi kwamba kiwanja ni safi, basi anatoa akiba yake yote.

Chukua kiwanja cha ufukweni mwa Kivu, kipenzi cha matangazo yote: upepo, maji, taa za Bukavu ng'ambo. Kwa agizo la waziri la mwaka 2010, mita 50 kutoka ukingo wa ziwa ni eneo la umma. Kiwanja kinachoteremka mita 60 hadi majini kimebakiwa na mita 10 za kujenga. Useme kwa Kinyarwanda, Kifaransa au Kiswahili, mita ya 11 haipatikani. Na nyumba iliyokwisha kujengwa je? Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko lilibomoa nyumba na makanisa wilayani humu na kuua watu. Dalali wa Rusizi asiyeuliza habari za msingi, nguzo na lenta hajui anachouza.

Halafu kuna ile karatasi ya mauziano ya sebuleni. Muuzaji na mnunuzi wanakaa, mashahidi wanne wanatia sahihi, pesa zinahesabiwa, na mtangazaji wetu anaitwa awe shahidi wa tano kwa sababu ya jina lake. Karatasi hiyo haihamishi ardhi! Ardhi inahamishwa mbele ya notari wa ardhi, kwa ridhaa ya kila aliyesajiliwa kwenye hati. Mume akiuza peke yake shamba lililoandikwa majina mawili, hajauza. Wala usidanganyike na hati ya zamani ya karatasi iliyotunzwa vizuri ndani ya plastiki: tangu 2023 hati zinatolewa kielektroniki, na kinachohesabika ni kile kilichomo kwenye mfumo wa ardhi leo.

Mtangazaji mzuri ana kitu cha thamani zaidi ya sauti. Amefundishwa kutosoma habari kabla ya kuithibitisha, na kumuuliza mkubwa swali lilelile mpaka ajibu. Tabia hiyo ndiyo ninayoitafuta kwa dalali, na ni adimu sana.

Njia zipo. Uthamini wa nyumba na ardhi unataka masomo na usajili, sheria ya wathamini ya 2010 haina mchezo. Udalali: sajili biashara kwenye Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB), lipa kodi, andika mkataba wa kamisheni kabla ya kumwonyesha mtu kiwanja. Kusimamia nyumba za kupanga za wenye mali wanaoishi Kigali au ng'ambo ndiko ninakokupendelea, maana pesa ni ndogo lakini huingia kila mwezi. Weka akiba ya kuishi bila kamisheni, usiache kipindi chako chote kwa siku moja, na usitangaze hewani kiwanja unachokiuza mwenyewe.

Anza kwa kusoma hati ya nyumba yako. UPI za Rusizi huanza na 3/06. Angalia na majina yaliyosajiliwa hapo, yote. Ukikuta usichokijua, rekebisha kwanza chako kabla hujagusa cha mtu.