Salem na Unguja: Faida Hukaa kwa Nani?



Neno "merikani" lajulikana na kila mzee wa visiwani, na wengi wetu tumepata kusikia habari za nguo hiyo nzito ya pamba walizovaa wazee wetu. Lakini si wengi wajuao kwamba, kabla ya miaka ya 1860, sehemu kubwa ya nguo hiyo ililetwa na marikebu za mji mmoja mdogo wa pwani ya Massachusetts, huko Marekani, uitwao Salem. Katika kurasa hizi twapenda kueleza habari za mji huo na biashara yake nasi, kwa kuwa ndani yake yamo mambo yanayomhusu kila mtu mwenye mikarafuu.

MJI WA SAMAKI WAKAVU

Salem ilianzishwa mwaka 1626, na kwa muda wa miaka 150 ikawa chini ya utawala wa Mwingereza. Ardhi yake haikuwa na rutuba nyingi, basi watu wake wakaitegemea bahari. Mali yao ya kwanza haikuwa dhahabu wala hariri, bali samaki wa bahari ya baridi anayefanana na chewa wetu. Walimpasua, wakamtia chumvi, wakamwanika juani juu ya chanja siku nyingi. Mvua ikitishia, ilibidi afunikwe upesi, maana samaki aliyeloa huharibika thamani. Kazi hiyo kila aliyepata kuanika karafuu juu ya majamvi aijua bila ya kufundishwa.

Samaki akishakauka, wachaguzi walioapishwa walimtenga kwa daraja. Aliye bora alipelekwa Hispania na Ureno, akaleta bei nzuri. Aliye hafifu alipelekwa visiwa vya Karibi, akawa chakula cha watumwa katika mashamba ya miwa. Na marikebu zikarudi na asali ya miwa, ambayo ilitengenezwa pombe kali. Jambo hili halifai kufichwa: utajiri wa mji ule, kama utajiri wa mashamba yetu ya zamani ya karafuu, ulisimama juu ya migongo ya watu waliofanywa watumwa.

Gatini palikuwa na kazi kwa kila mtu: waunda marikebu, wasokota kamba, washona matanga, waunda mapipa, makarani na wapagazi. Matajiri walikuwa wachache, lakini biashara iliwagusa wengi. Baharia aliruhusiwa nafasi kidogo chomboni kwa bidhaa zake mwenyewe, na jirani aliyebaki nyumbani aliweza kumkabidhi nahodha fedha chache amnunulie kitu cha kuuza. Kila kilichopakiwa kiliandikwa katika daftari, kiwe kikubwa au kidogo.

CHAMA CHA MANAHODHA

Katika vita vya mwaka 1775 hata 1783 Wamarekani walijitoa katika utawala wa Mwingereza, naye akawafungia milango ya visiwa vyake vya Karibi. Soko walilolizoea likapotea. Watu wa Salem hawakukaa wakalia. Walielekeza matanga yao mashariki, wakaenda Bara Hindi, China na Sumatra, na pilipili manga ya Sumatra ikawatajirisha.

Mwaka 1799 manahodha na mawakala wa biashara wa mji huo walianzisha chama chao. Hakuingia mtu ila aliyekwisha kuvuka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Kazi za chama zilikuwa tatu: kuwasaidia wajane na mayatima wa wanachama, kukusanya habari za safari, ili anayokwenda nayo nahodha mmoja yamfae mwenzake, na kuweka nyumba ya vitu vya ajabu kutoka nchi za mbali. Vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa mwanzo wa jumba la makumbusho liitwalo leo Peabody Essex Museum. Twaomba wanachama waizingatie ile kazi ya pili: habari ilihesabiwa kuwa mali ya chama kizima.

KUJA UNGUJA

Mfanyabiashara wa Kimarekani Edmund Roberts alifika Unguja katika miaka ya 1820, na mwaka 1833 akatiliana mkataba na Sayyid Said huko Maskati. Kwa mkataba huo Wamarekani walilipa ushuru wa asilimia 5 kwa mali waliyoiteremsha. Mwaka 1837 alikuja Richard Waters wa Salem kuwa balozi wao wa kwanza Unguja; alikuwa balozi na tajiri pamoja, akapatana na Jairam Shivji, aliyekodi forodha. Waliokuwa nje ya mapatano yao walilalamika sana kwamba mlango wa biashara umeshikwa na watu wawili.

Mwaka 1840 marikebu ya Sayyid, Sultana, ilifika New York na wakili wake Ahmad bin Naaman. Pamoja na tende, kahawa na pembe, ndani yake mlikuwa na mifuko 135 ya karafuu.

Nguo ya merikani haikukoma pwani. Ilipanda vichwani mwa wapagazi hata Tabora na Ujiji, ikaingia Buha, nchi ya milima ambako leo kuna Kasulu, Kibondo na vijiji kama Rungwe Mpya. Stanley alipopita Buha mwaka 1871 alitozwa hongo ya nguo mara kwa mara, hata akaamua kupita usiku kwa siri. Watu wa milima ile hawakupata kuiona Salem, lakini nguo yake waliijua na thamani yake waliijua pia.

MFANO WA SANDARUSI

Katika mali zilizokwenda Salem ilikuwamo sandarusi, iliyochimbwa mchangani Mrima na kutumiwa kutengeneza vanishi. Kwa muda mrefu iliondoka Unguja ingali na mchanga na magamba yake. Huko Salem palikuwa na kiwanda cha Jonathan Whipple, ambako iliwekwa katika maji ya magadi, ikaoshwa, ikachaguliwa kwa daraja, ndipo ikauzwa. Mchimbaji alilipwa bei ya kitu kichafu. Aliyeosha akauza kwa bei ya kitu safi. Hakuna uchawi hapo: faida hukaa mahali kazi inapomaliziwa.

Lakini Salem nayo haikudumu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 hata 1865, viliikatisha pamba, na wanunuzi wa huku wakageukia nguo za Uingereza na za Bara Hindi. Bandari kubwa za Boston na New York zikachukua mizigo. Mwaka 1870 marikebu Glide ikaingia Salem kutoka Unguja, na baada yake haikuja nyingine.

NENO KWETU

Sisi nasi tumeyaona hayo. Katika miaka ya 1840 watu walipanda mikarafuu kwa wingi hata bei ikaanguka, na wenye mashamba wengi wakaingia madeni. Katika karne iliyopita Indonesia, iliyokuwa ikinunua karafuu zetu nyingi kwa sigara zake za kretek, ilipanda mikarafuu yake yenyewe ikapunguza kununua kwetu. Anayetegemea mnunuzi mmoja hulala kwa hofu.

Basi twawaomba wanachama mambo matatu. Kwanza, karafuu zichambuliwe makonyo na kukaushwa barabara kabla ya kufika kituoni, tusije tukamwachia mwingine faida ya kusafisha. Kazi ya kutoa mafuta ya makonyo imekwisha kufanyika Pemba. Nasi tujue kuwa hata konyo lina bei. Pili, kila mwanachama apime mzigo wake nyumbani, aandike, na aweke risiti zake, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, mwenye kupata habari ya bei au ya mnunuzi asikae nayo. Ailete chamani, wote tuijue.

Katibu wa Chama