Meli ya Mbolea Yako Iko Wapi?

Mfanyabiashara wa Kabanga, mpakani wilayani Ngara, anayesubiri mbolea ya kupeleka Burundi yuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bandari ya Dar es Salaam. Akipiga simu huambiwa meli iko njiani. Kauli hiyo anaweza kuihakiki mwenyewe kwa simu yake ya mkononi, mradi ajue kipi cha kuamini.

Aanze na namba ya IMO, yaani namba ya utambulisho wa meli, si jina. Meli za shehena ya kichele huuzwa, zikabadilishwa jina na bendera, lakini tarakimu 7 za IMO hazibadiliki mpaka chombo kivunjwe. Tena namba hiyo ina kipimo chake. Chukua 9074729: zidisha tarakimu 6 za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano, kisha jumlisha. Jibu ni 139, na ile 9 ya mwisho ndiyo tarakimu ya saba. Isipolingana, namba uliyopewa ina kosa.

Mtambo wa AIS melini hutangaza mahali chombo kilipo na kasi yake kila baada ya sekunde chache. Kikitia nanga, kila dakika 3. Hayo hutoka moja kwa moja kwenye vifaa vya meli. Lakini bandari iendako, siku ya kufika na kina cha kuzama huandikwa kwa mkono na ofisa wa meli, na hapo ndipo wengi hupotoshwa. Meli ndogo ya kichele ya tani 28,000, aina iliyozoeleka yenye urefu wa mita 169, ngama 5 na kreni 4, ikijaa huzama karibu mita 9.8. Ukiona imeandikwa mita 6, ama haijapakia au ofisa hajarekebisha. Uliza.

Meli ikipotea katikati ya bahari kwenye ramani ya mtandaoni inayoonyesha taarifa za AIS, usihofu: minara ya pwani hainasi mawimbi ya mbali, na taarifa za setilaiti mara nyingi hulipiwa.

Nayo kufika si kushusha. Meli yaweza kukaa nangani ikingoja gati, na tani 28,000 ni malori 1,000 ya tani 28 kila moja.

Kwa hiyo, kabla hujakodi malori, mdai wakala wako namba ya IMO na nakala ya hati ya shehena.