Pakiti Moja kwa Kila Elfu

Reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria Desemba 1901, ikaishia Port Florence, Kisumu ya leo. Wapimaji wa 1892 walikuwa wameielekeza Port Victoria, kule Bunyala karibu na mto Nzoia unapoingia ziwani, lakini mpango ukabadilika. Intaneti ya watu wa ziwani nayo imetoka mbali vivyo hivyo. Nyaya za baharini kama SEACOM na TEAMS, zilizoanza kazi 2009, zinatua Mombasa, na data huvuka nchi nzima kabla ya kufika Kisumu, Bondo au Port Victoria.

Kila megabiti inayofika huku imelipiwa. Ndiyo maana inaniuma kuona chuo, hospitali au ofisi ya umma ikinunua kasi zaidi kila bajeti inaposomwa, bila mtu yeyote kujua kasi ya awali ilikuwa inaliwa na nini. Mtandao ukikokota, wanafunzi wanalaumiwa kwa video zao, na mara nyingi lawama hiyo haina ushahidi. Ushahidi ungepatikana kwenye swichi ya mtandao iliyo ukutani, ambayo tayari wameinunua.

Swichi nyingi za ofisini zinazoweza kusimamiwa huja na sFlow, utaratibu uliobuniwa na kampuni ya InMon na kuelezwa hadharani katika waraka RFC 3176 wa Septemba 2001. Wazo lake wavuvi wetu wanalijua. Watafiti wa uvuvi hawawezi kupima kila mbuta, ngege na omena anayetua ufuoni. Huchagua fuo kadhaa na siku kadhaa, wakapima samaki wa mashua chache kwa aina, kisha wakazidisha kwa idadi ya mashua iliyopatikana katika sensa ya uvuvi. Swichi nayo huhesabu pakiti zote za data zinazopita kila tundu, na hiyo ndiyo sensa yake. Kando ya hesabu hiyo huchota pakiti moja kati ya nyingi, kwa kubahatisha, ili ijulikane nani anaongea na nani na kwa huduma gani.

Kwa nini isiandike zote? Njia ya gigabiti moja inaweza kupitisha zaidi ya pakiti ndogo milioni 1.4 kwa sekunde. Swichi ya kawaida ikilazimishwa kuchunguza na kuripoti kila moja, italemewa.

Kuwasha sFlow si kazi ya siku nzima. Unaipa swichi anwani ya seva itakayopokea sampuli na namba ya poti, ambayo kwa desturi ni UDP 6343. Unaipa pia anwani isiyobadilika ya kujitambulisha, uwiano wa sampuli, na muda wa kutuma hesabu kamili. Kila sekunde 30 inatosha. Kwa njia ya gigabiti moja, anza na pakiti moja kwa kila 1,000. Kwa gigabiti 10, moja kwa 2,000. Kisha washa matundu yote, kwa pakiti zinazoingia tu. Ukipima zinazoingia na zinazotoka pamoja, pakiti moja itahesabiwa mara mbili na ripoti itakudanganya. Hakikisha pia fayawoli ya seva inaruhusu poti hiyo, kwa sababu UDP haitakwambia kwamba ujumbe ulipotea njiani.

Sasa hesabu. Tuseme ndani ya dakika tano umepata sampuli 400 za video, kila pakiti ikiwa na baiti 1,500. Zidisha kwa 1,000: megabaiti 600, yaani wastani wa megabiti 16 kwa sekunde. Je, ni 16 kamili? Hapana. Gawa 196 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya sampuli, utapata kosa la juu kwa asilimia, kwa uhakika wa asilimia 95. Kipeuo cha pili cha 400 ni 20, kwa hiyo kosa ni kama asilimia 9.8. Sampuli zikifika 10,000, kosa linashuka hadi karibu asilimia 2. Anayejua jambo hili hatamshtaki mtu kwa sampuli tatu.

Na hapa nasisitiza. Kwa kawaida sFlow hubeba baiti 128 za mwanzo za pakiti. Humo mna anwani, na pale ambapo mawasiliano hayakufichwa, mna hata jina la tovuti iliyotafutwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililotajwa wazi. Kupanga matumizi ya mtandao ni lengo halali. Kumfuatilia mfanyakazi mmoja kwa chuki ni jambo jingine kabisa. Watumiaji waambiwe, kumbukumbu zifutwe baada ya muda uliowekwa, na sampuli zipite kwenye mtandao mdogo wa usimamizi, maana zinasafiri bila kufichwa.

Kabla ya kumwonyesha mkubwa wa ofisi grafu yoyote, ijaribu. Chukua kompyuta moja, pakua faili la gigabaiti moja, kisha tafuta anwani ya kompyuta hiyo kwenye seva. Ikionyesha karibu gigabaiti moja, endelea. Ikionyesha mbili, rudi kwenye swichi ukague matundu.