Rangi ya Nywele: Kwenye Mvi na Kwenye Nywele Nyeusi

Harusi ikikaribia hapa Mji wa Kale, nyanya hutaka kuficha mvi, naye mjukuu hutaka nywele zake nyeusi ziwe nyekundu. Je, pakiti moja itawafaa wote wawili?

Unywele una ganda la nje lililopangika kama makuti ya paa. Ndani mna rangi ya asili iitwayo melanini. Mvi ni unywele uliokosa rangi hiyo.

Rangi ya kudumu huwa na sehemu mbili. Ya kwanza mara nyingi ina amonia, inayofungua yale makuti, na chembe ndogo za rangi. Ya pili ni hidrojeni peroksaidi. Zikichanganywa, chembe huingia ndani ya unywele, huungana na kuwa kubwa, zikanaswa humo. Ndiyo maana hazitoki kwa kuosha. Peroksaidi pia hupausha melanini kidogo.

Kwa nyanya, rangi ya pakiti itaonekana wazi, kwani mvi hazina rangi ya kushindana nayo. Kwa mjukuu, weusi wa asili utaifunika. Wekundu utaonekana zaidi juani. Hina nayo haipaushi: mvi huwa na rangi ya chungwa, nywele nyeusi hung'aa wekundu kidogo. Na kwa kuwa nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, mvi zitachungulia tena.

Sasa sikiliza kwa makini. Rangi nyingi nyeusi zina kemikali iitwayo PPD. Wako wanaoitumia rangi hiyo hiyo kuchora maua mikononi, wakaiita piko. Ngozi inaweza kutoka malengelenge, na mwili ukishaikataa PPD, kwa kawaida huikataa maisha. Mjukuu aliyeungua kwa piko leo anaweza kuvimba uso siku atakapopaka mvi zake.

Kwa hiyo, aliyewahi kudhurika na piko asipake rangi yenye PPD. Wengine, kila mara, jaribuni kidogo nyuma ya sikio kama pakiti inavyoeleza, mngoje saa 48. Msipake nyusi wala kope. Wekeni mbali na watoto, maana ikimezwa ni sumu. Uso ukivimba au pumzi ikibana, osheni rangi hiyo mara moja na mkimbilie hospitali.

Mikono ya bibi harusi, basi, ipambwe kwa hina halisi.